Kwa Nini Robo

Wewe unayesoma, hebu niambie: umewahi kushukuriwa mbele za watu, ukatamani aliyekushukuru ameze ulimi wake papo hapo? Mimi nimeshukuriwa hivyo. Ukumbi mzima ulinigeukia ukanipigia makofi, kitukuu wangu akiwa mgongoni, na tangu nizaliwe sijakasirika namna ile. Na nimezaliwa zamani.

Nianzie mwanzo, maana ukiisikia hasira kuanzia mkiani utaniona mwehu.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, alikuwa anasomea uhandisi wa mitambo. Mwaka wake wa nne, chuo kimoja cha ng'ambo kikaita wanafunzi kutoka nchi mbalimbali waende kwa mwaka mmoja, wafanye utafiti kwenye maabara zao. Akachaguliwa. Ila alikuwa na mtoto wa miezi saba ananyonya, na mumewe ni mwalimu, hawezi kuacha darasa. Barua ya chuo ikasema anaweza kuja na ndugu mmoja wa kulea. Kikao cha familia kikakaa. Mama yake ana duka. Shangazi yake ana mgongo, na mgongo wa shangazi huwa unauma zaidi panapotajwa kazi. Nikabaki mimi: miaka sitini na tisa, darasa la saba, na magoti mawili yasiyoelewana.

"Bibi, utaweza baridi?" wakaniuliza.

"Nimeweza babu yenu miaka arobaini," nikawajibu. Safari ikaiva.

Kule tulipewa chumba ghorofa ya nne. Kitanda cha mbao kimoja, cha kukunja kimoja, kabati lenye mlango unaolia, na dirisha lisilofunguka zaidi ya kiganja. Jiko lilikuwa la watu sita, kila mtu na shelfu yake yenye karatasi ya jina. Kwenye yetu mjukuu wangu aliandika "Bibi", na jengo zima likaniita Bibi, hata wasiojua maana yake. Taa za korido ziliwaka zenyewe ukitembea na kuzima ukisimama, kwa hiyo mwenye magoti kama yangu akipumzika njiani anapumzikia gizani. Barabarani nilimsalimia kila niliyekutana naye. Siku ya nne nikaacha. Salamu zilikuwa zinatoka kinywani zimevaa vizuri na kurudi mikono mitupu.

Sasa nikwambie kitu ambacho ndicho kiini cha haya yote. Kabla sijawa bibi wa kulea, nilikuwa mtunza pampu. Miaka ishirini na miwili nilitunza pampu ya mkono ya mtaa wetu. Watu wa maji walitufundisha siku tano, wakatuachia sanduku la spana mbili, brashi ya waya na kopo la grisi. Ndani ya bomba la pampu kuna fimbo ndefu, na mwisho wa fimbo kuna mpira ulioumbwa kama kikombe kidogo. Ule mpira ndio unaobeba maji kuyaleta juu. Ukichakaa, utapiga pampu mpaka jasho likutiririke na ndoo ibaki inakucheka. Mimi kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi nilikuwa naivuta fimbo, nausafisha mpira, halafu naurudisha nikiwa nimeuzungusha robo ya duara. Robo tu. Mtaa wa jirani walibadilisha mpira kila baada ya miezi minne. Wangu ulikaa mwaka. Na aliyekuwa ananishikia spana, akiwa hana meno ya mbele, ni huyu huyu mjukuu wangu.

Basi fikiria nilivyosikia wiki ya kwanza aliporudi kutoka maabara, macho yanamng'aa.

"Bibi! Utafiti wangu ni wa mipira ya pampu! Wanataka kujua kwa nini mpira ukiwa maabara unadumu mwaka na nusu, lakini vijijini unakufa baada ya miezi minne!"

"Ala," nikasema. Nikaweka chini sufuria, nikajifuta mikono, nikakaa. Nikasubiri aniulize.

Akafungua friji, akanywa maziwa ya mtoto, akaingia chumbani kuandika.

Kwetu kuna utaratibu. Mwenye ufundi hamfuati mtu na ufundi wake kama mchuuzi wa sahani. Anayetaka ndiye anayekuja: anavua viatu, anakaa chini, anauliza. Akishafanya hivyo, mwenye ufundi hana ruhusa ya kumnyima, hata awe mtoto wa jirani mliyerushiana maneno asubuhi. Anamjibu alichouliza, wala hamwongezei ambacho hakuuliza. Mama yangu alipata ukunga hivyo, mimi nikapata kufuma vikapu hivyo. Kwa hiyo nikasubiri. Subira ninayo, nimelea watoto saba.

Mwezi wa pili nikaenda maabara, kumpelekea chakula cha mchana na mtoto anyonye. Ni chumba kirefu kinachonuka mafuta na maji ya bomba, mabomba yamepakwa rangi ya bluu, sakafu imechorwa mistari ya njano usiyotakiwa kuvuka. Msimamizi wa vifaa ni mzee mmoja mwenye rundo la funguo kiunoni, akitembea unamsikia kabla hujamwona. Nikamwita Bwana Funguo. Huyo peke yake alinisalimia, mkono kifuani, siku zote. Katikati ya chumba zilisimama pampu tatu kwenye fremu ya chuma, mota ya umeme inainua na kushusha mikono yake, tak, tak, tak, na kijisanduku kinahesabu kila pigo.

"Hizi zinapigwa na nani, malaika?" nikauliza.

"Mota, Bibi."

"Naiona. Lakini inapanda wima, inashuka wima. Binadamu hapigi pampu hivyo. Mtoto ananing'inia, mjamzito anaegemea, mwenye haraka anavutia upande ilipo ndoo yake."

"Bibi, hii ni sayansi. Na tafadhali, Bwana Mkubwa asiguse huo waya." Bwana Mkubwa ndiye kitukuu wangu.

Nikabeba bakuli langu nikaondoka. Wiki iliyofuata nilipokuja, chini ya kila mkono wa pampu palikuwa pamefungwa kichuma cha kuulazimisha uvute upande. Sikuambiwa neno. Mipira ikaanza kufa upande mmoja, kama ilivyokuwa kwetu. Kisha nikaona Bwana Funguo anaitoa fimbo ya pampu ya tatu, mjukuu wangu anausafisha mpira na kuurudisha umezungushwa. Robo. Alishika spana vilevile nilivyokuwa naishika mimi, dole gumba juu.

Baada ya miezi miwili alikuja jikoni anacheza.

"Bibi, ya kwanza imekufa, ya pili imekufa, ya tatu haifi! Karibu mara tatu!"

"Vizuri," nikasema. Nikavuta kiti. Nikafikiri, leo ndiyo leo.

Akachukua kipande cha mkate akaenda zake.

Siku hiyo daftari lake lilibaki mezani. Lilikuwa kwa lugha ya kule, nami maneno yao nilikuwa nayo kama ishirini, mengi ya sokoni. Jioni nikamwambia anisomee ukurasa wenye picha ya mpira. Akanisomea haraka haraka: mpira uligeuzwa robo kwa kufuata mbinu inayotumika vijijini.

"Vijijini wapi?" nikauliza.

"Vijijini tu, Bibi. Ndivyo inavyoandikwa."

Usiku ule nilikunja nguo za mtoto mara mbili mbili. Vijijini tu! Miaka ishirini na miwili ya mgongo wangu, na nimekaa naye chumba kimoja, tunatumia sabuni moja, nimekuwa "vijijini tu". Lakini nikajiambia, mtoto ana masomo, ana maziwa yanavuja, hajalala. Nikameza.

Sasa aje Tabasamu. Huyu alikuwa mwanafunzi mwenzake, naye ametoka nchi jirani na yetu, tunazungumza lugha moja na mila zinafanana. Nilimpa jina hilo kwa sababu meno yake hayakuwahi kuingia ndani. Utafiti wake ulihusu kutu kwenye fimbo za pampu, na ulikuwa umekwama, kwa sababu kutu haina haraka na mwaka unayo. Naye Profesa, mama mmoja mwenye mvi zilizokatwa fupi, miwani inaning'inia kwenye kamba, alikuwa ameshawaambia: mwisho wa mwaka kila mmoja ataeleza kazi yake ukumbini, na nafasi ya kubaki miaka miwili kuendelea na utafiti ni moja. Mmoja anabaki, mmoja anarudi. Mjukuu wangu aliitaka nafasi ile mpaka alikuwa anaitaja usingizini.

Tabasamu alikuwa anakula kwetu mara tatu kwa wiki. "Bibi, mkono wako!" anasema, anajipakulia tena. "Bibi, kwetu hawajui kupika maharage, wanayachemsha tu kama nguo." Nilimpenda, sitaki kudanganya. Alikuwa anambeba Bwana Mkubwa, anaosha na bakuli.

Siku moja, saa nne asubuhi, akaja peke yake. Mjukuu wangu yuko darasani, mimi namenya vitunguu. Nikamwona anavua viatu mlangoni. Akavipanga. Akaja akakaa sakafuni, miguu ameikunja, mimi niko kwenye kiti.

"Bibi," akasema, "nimesikia ulikuwa fundi wa pampu. Nakuomba unifundishe. Mpira mlikuwa mnaufanyaje mpaka ukadumu?"

Kisu kilisimama kwenye kitunguu. Miezi sita nimesubiri maneno yale. Yamekuja kwa mdomo mwingine. Na kijana anajua mila, anajua akishakaa vile siwezi kumnyima.

Nikamwambia. Namna ya kuvuta fimbo bila kuikwaruza, namna ya kuosha mpira kwa maji ya uvuguvugu, Ijumaa ya kwanza, robo, spana ipi. Nusu saa nzima, yeye anaandika kwenye simu. Aliuliza vipi, aliuliza lini, aliuliza kwa chombo gani. Hakuuliza kwa nini. Nikaona hilo, nikanyamaza, ndiyo mila.

"Asante sana, Bibi," akasema. Akavaa viatu. Hata hakula.

Jioni nikamwambia mjukuu wangu, "Tabasamu alikuja."

"Alikula?"

"Hakula."

"Basi anaumwa," akasema, akacheka, akarudi kwenye kompyuta yake.

Siku ya ukumbi ikafika. Nilimfunga Bwana Mkubwa mgongoni kwa khanga safi, nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, mtoto akilia nitoke. Watu walikuwa kama sitini. Walipiga kura nani aanze, ikamwangukia Tabasamu.

Akapanda jukwaani na koti la kuazima. Picha ya kwanza ukutani ilikuwa mpira wa pampu, umechakaa upande mmoja. Ya pili, mpira na mshale unaozunguka. Robo. Ya tatu, tarakimu za pampu zile tatu, alizozichota kwenye kompyuta ya maabara ambayo wote wawili walikuwa wanaifungua. Kuhusu kutu hakukuwa na hata neno moja. Nilimtafuta mjukuu wangu kwa macho. Alikuwa kiti cha mbele, shingo imekakamaa, karatasi zake zinamdondoka moja moja na haziokoti.

Mwishoni Tabasamu akaonyesha picha ya watu wa kuwashukuru, na mimi nimo! Nimeshika mwiko! Akasema kwa lugha yao, kisha akarudia kwa yetu ili nielewe: "Na namshukuru Bibi yetu pale nyuma, kwa chakula kitamu na mapenzi ya mama." Ukumbi ukageuka. Makofi. Bwana Mkubwa akaona makofi, naye akapiga.

Kwa chakula!

Kisha mjukuu wangu akapanda. Na alikuwa na nini cha kuonyesha? Mpira ule ule, mshale ule ule, tarakimu zile zile. Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, wakatabasamu. Mtoto wangu akaonekana yeye ndiye aliyenakili. Alimaliza akiwa anasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. Profesa akasimama akasema wote wawili waende ofisini kwake saa nane.

Nilimkuta koridoni. Taa ilikuwa imezima, maana alikuwa amesimama kama mti.

"Alijuaje?" akaniuliza. "Tarakimu ameiba, sawa. Lakini maelezo yote yale, maji ya uvuguvugu, Ijumaa ya kwanza... mimi mwenyewe sikuandika Ijumaa ya kwanza! Nani amemwambia?"

"Mimi."

Taa ikawaka, kwa jinsi alivyogeuka.

"Wewe? Bibi, wewe? Nafasi ni moja! Unajua ni moja! Umempa jirani mkono wangu anitie kofi nao?"

"Alikuja akauliza."

"Akiuliza ndiyo umpe? Akiuliza nywila ya benki utampa? Mwaka mzima, Bibi! Nimekamua maziwa chooni, nimelala saa tatu kwa siku, na wewe unampa kwa kuwa amekaa sakafuni!"

"Punguza sauti, mtoto amelala."

"Sipunguzi!"

Nikamwacha. Kama ningefungua mdomo pale, ningesema maneno ambayo hayarudi. Nikashuka ngazi, goti moja moja, nikamkuta Tabasamu chini, amesimama mbele ya mashine ya soda, anatumbukiza sarafu.

"Wewe mtoto," nikamwambia, "maharage yangu yalikukosea nini?"

Meno yakatoka. "Bibi, mbona hivyo? Si ulinieleza mwenyewe? Maarifa ni ya wote."

"Kama ni ya wote, mbona yana jina lako peke yako?"

"Nilikushukuru, Bibi. Mbele ya watu."

"Ulimshukuru mpishi. Aliyekufundisha hukumwona."

Akaangalia viatu vyake. "Bibi, mimi nikirudi sina kazi. Yeye ana mume."

"Na wewe una mama," nikasema. "Nenda ukamweleze hilo, uone kama ataliona zuri." Soda yake ikadondoka ndani ya mashine, puu. Hakuinama kuichukua.

Saa nane nilikuwa ofisini kwa Profesa. Hakuna aliyeniita. Mjukuu wangu aliniangalia kama kwamba nimekuja kumaliza nilichobakiza, lakini nikaingia, nikakaa kiti cha pembeni, mtoto mapajani. Chumba kidogo: meza, kikombe cha kalamu, mipira mitatu ya pampu imepangwa kwenye karatasi nyeupe, na Bwana Funguo amesimama dirishani. Profesa aliongea polepole, mjukuu wangu ananitafsiria chini chini kwa sauti ya kuuma meno.

"Picha mbili, kitu kimoja," Profesa akasema. "Mzee wa vifaa ameniambia aliyeigeuza pampu ya tatu ni nani. Lakini kugeuza hata mimi naweza. Nitauliza swali moja la uhandisi. Kwa nini robo? Kwa nini isiwe nusu?"

Tabasamu akaanza. "Kwa sababu robo inagawa uchakavu sawasawa."

"Hata nusu inagawa sawasawa."

"Ndiyo, lakini robo ni... ni rahisi kukumbuka."

Bwana Funguo akakohoa. Profesa akamgeukia mjukuu wangu. Sehemu yake hakunitafsiria. Aliniambia baadaye mwenyewe. Alijibu kwamba matokeo yameonyesha. Akaulizwa, ulijaribu nusu? Hapana. Ulijaribu theluthi? Hapana. Basi ulijuaje ujaribu robo? Na hapo akajibu, na hilo jibu sikuhitaji kutafsiriwa, kwa sababu neno la kwao la "vijijini" nilikuwa nimeshalijua.

Mwili wangu ulipata moto kuanzia miguuni. Mtoto alihisi, akaacha kunyonya kidole. Yaani hata sasa! Kamba iko shingoni, mwenye kisu amekaa hatua mbili, na bado "vijijini".

Profesa akavua miwani. "Vijijini kwa nani?"

Funguo zikalia kidogo, zikatulia. Mjukuu wangu akatazama mipira, akamtazama Profesa, kisha akanigeukia taratibu, na uso wake ulikuwa ule wa kutokuwa na meno ya mbele.

"Bibi," akasema. "Kwa nini robo?"

Amesimama, amevaa viatu, mbele ya wageni, saa ya mtihani. Kwa mila sikuwa na wajibu wa kumjibu hata herufi. Ningeweza kumfunga mtoto mgongoni nikatoka, wote wawili wapande ndege. Nataka ujue kwamba nililifikiria, na lilikuwa tamu.

"Huyu atoke kwanza," nikasema, nikamnyooshea Tabasamu kidole. "Anasikia tunachosema."

Mjukuu wangu akatafsiri. Profesa akaangalia mlango, Tabasamu akatoka. Mgongo wake haukuwa na tabasamu.

Nikampa Bwana Funguo mtoto, nikauchukua mpira mmoja. "Mwambie hivi. Mwaka wa kwanza mimi nilikuwa nageuza nusu. Niliona nina akili: upande umechakaa, mpe kazi upande wa pili. Lakini ukifanya hivyo, upande huu unakuwa mwembamba na ule unaoutazama unakuwa mwembamba." Nikaubana mpira kwa vidole viwili, huku na huku. Ukawa kama yai. "Umeona? Ukishakuwa yai kwenye bomba la duara, maji yanapita pembeni pande mbili kwa pamoja, na hapo hata ugeuze vipi haurudi. Pampu ilikufa kiangazi. Siku kumi na moja. Wanawake wakashuka bondeni na ndoo, mmoja mimba ya miezi minane. Mwenyekiti wa maji alinisimamisha mkutanoni akaniita Mama Nusu. Mtaa mzima ukaniita Mama Nusu, mpaka watoto, mwaka mzima. Ndipo nikakaa na mipira yote niliyoiua, mitano, nikaipanga kitandani, nikaitazama. Nikajaribu theluthi, ikawa afadhali, ila ukigeuza mara ya tatu umerudi ulipoanza kabla mpira haujapumzika. Robo, kila upande unapata zamu yake na kupumzika zamu tatu. Mpira unazeeka ukiwa bado duara. Mwambie."

Hakuwa ananitafsiria. Alikuwa ananitazama.

"Mama Nusu?" akasema. "Bibi, walikuita Mama Nusu?"

"Tafsiri."

Akatafsiri, sauti inakatika. Profesa akachora duara kwenye karatasi, akalibana kwa kalamu pande mbili, akachora tena. Bwana Funguo akasema kitu, kirefu, akionyesha mpira, mtoto anamvuta funguo. Kisha Profesa akasimama akaja akanipa mkono, mikono miwili, na kumwambia mjukuu wangu maneno ambayo yalimfanya ashike ukingo wa meza. Nafasi ni yake. Ila ajaribu nusu na theluthi kwenye mashine kabla ya kuandika lolote, na ukurasa wa kwanza uoneshe haya yametoka kwa nani, jina na miaka ya kazi. Kijana wa pili angejibu mbele ya chuo kuhusu tarakimu.

Nikamchukua mtoto, tukatoka. Koridoni mjukuu wangu alinikumbatia mimi na mtoto kwa pamoja, analia na kucheka.

"Bibi, tumepata! Nitakuandika ukurasa wa kwanza, jina lako lote, la baba yako na la babu yako! Nisamehe nilivyokupigia kelele. Umefurahi?"

"Hapana."

Akaniachia. "Ni Tabasamu? Atakiona. Profesa amesema..."

"Tabasamu ni mwizi. Mwizi namjua, nitafunga shelfu. Huyo hasira yake ni ya siku mbili."

"Sasa umekasirikia nani?"

"Wewe."

Taa ikazima, kwa vile tulikuwa tumesimama. Hakuna aliyeinua mkono kuiwasha.

"Kwa kuandika vijijini?"

"Na hilo."

"Nimesema nitalifuta, Bibi. Nitaandika upya daftari zima. Niambie unataka nini kingine, nitakifanya leo leo. Unataka nini?"

Karibu mwaka mzima nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha jikoni, karibu na friji, na mikono nimeshaifuta.

"Nilitaka uniulize," nikamwambia. "Wewe. Si kwa sababu Profesa amekubana. Nilitaka uje tu siku moja uniulize, Bibi, ilikuwaje."